Ukoo wa K

Moyo wa Kasereka Osée haukuwa na kasoro yoyote. Daktari aliyepasua maiti aliandika hivyo, kisha akapiga mstari chini ya maneno yake, maana alijua fika ni nani atakayekuja kubisha. Kuta za moyo zilikuwa nzima na mishipa safi. Kilichomuua dereva huyo wa malori ni pumu. Njia za hewa zilijifunga, akafa kwa kukosa pumzi mchana kweupe, juu ya kitanda cha kliniki ambako alikwenda kuomba cheti cha afya tu, kile ambacho kila dereva lazima akionyeshe kwa tajiri wake.

Inspekta Benita Kavugho aliifunga ripoti, akaifungua tena. Tangu mwanzo wa kesi hii alikuwa akiimbiwa wimbo mmoja: kwamba Kasereka alikuwa na moyo mbovu wa kurithi, na kwamba muuguzi Plamedie Mutale alimmalizia kwa kumzidishia dawa. Aliyeutunga wimbo huo ni Profesa Constantin Mwenze, mwenye kliniki, bingwa wa magonjwa ya moyo, mtu ambaye hata magavana humpisha mlangoni. Na kwa sababu ni profesa aliyesema, watu waliitikia amina. Plamedie alitupwa kasho, mahabusu ya polisi, maziwa yakimlowesha blauzi, na mtoto wake mchanga akabaki kwa bibi yake akinyonya maji ya uji. Mtu mwenye kazi ya kutetea uhai alikuwa amesema neno moja, na hakuna aliyemuuliza la pili. Jambo hilo lilimkera Benita kuliko kifo chenyewe.

Mwanzoni yeye mwenyewe alishuku vidonge. Katika mji ambamo dawa za uongo huuzwa barabarani pamoja na sabuni na betri, nani asingeshuku? Alipeleka boksi lote maabara, na majibu yalikuwa mezani asubuhi ile ile pamoja na ripoti ya maiti. Vidonge vilikuwa vya kweli. Damu ya marehemu ilionyesha dozi moja ya kawaida, si zaidi. Kwa hiyo hakukuwa na dawa bandia wala dozi iliyozidi. Kulikuwa na dawa ya kupunguza mapigo ya moyo iliyomezeshwa mtu mwenye pumu, ingawa kikaratasi kilichomo ndani ya boksi kinakataza jambo hilo waziwazi.

Alipanda na ripoti zote mbili hadi kwa substitut Paulin, hakimu wa parquet, ofisi ya mashtaka, aliyeshika faili. Paulin alisoma huku akichezea kalamu. Akasema kwamba, sawa, basi muuguzi alitoa dawa isiyofaa kwa uamuzi wake mwenyewe, na kesho asubuhi anapelekwa gereza la Kasapa kama ilivyopangwa. Benita alipoomba kumhoji profesa, hakimu aliinua macho.

“Madame, Prof njo muntu ya dunia,” alisema. “Banamucité mu Amerika, banataja kazi yake mu Ubelgiji. Unataka nimuite hapa sawa mwizi ya câbles za umeme? Angalia ule assistant wake, docteur Guelor. Yeye na Prof balitukanana, akatoka akifunga mulango kwa nguvu. Tafuta kule.”

Benita alishuka kwenye kasho kwanza. Plamedie alikuwa ameketi juu ya sanduku la bia lililopinduliwa, kifua amekifunga kitenge kwa maumivu. Alisimulia tena yale aliyokwisha kuyasimulia, ila safari hii Benita alimsimamisha kila sentensi. Je, alijua kwamba mgonjwa ana pumu? Alijua, mgonjwa mwenyewe alimwambia. Je, alimwarifu profesa? Alimwarifu kwa simu, maana dawa ile haitolewi bila sauti yake.

“Nilimwambia: Prof, huyu papa iko na asthme, iko na pompe yake ya kuvuta pumzi mu mufuko,” Plamedie alisema. “Yee hakuniuliza hata asthme iko ya namna gani. Aliniuliza: jina yake njo nani? Nikasema: Kasereka. Akasema: alors, iko wa famille K, mupatie dawa mbele ya kutoka.”

“Prof alikuwa anamujua?”

“Hapana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia pale.”

Benita aliacha kuandika. Famille K aliifahamu kwa kuisikia, kama watu wote waliowahi kusikia redio ikimsifu profesa: ukoo wenye moyo dhaifu, uliomfanya ajulikane ulimwenguni. Lakini mtu anatambuliwaje kuwa wa ukoo fulani na daktari ambaye hajapata kumwona? Wazo moja lilimpitia kichwani, akalifukuza. Lilikuwa kosa la kijinga mno, hata mtoto wa sekondari asingelifanya.

Dokta Guelor Bwalya, Benita alimkuta kwenye chumba chake kidogo cha matibabu, akimalizia mgonjwa wa mwisho wa asubuhi. Benita hakumzungusha. Alimwambia kwamba hakimu anamshuku yeye, na kwamba ugomvi wake na profesa unajulikana mji mzima. Guelor alijibu kwamba siku Kasereka alipokufa yeye alikuwa Pweto, mbali ziwani, akitibu wavuvi kwenye zahanati ya parokia. Benita alimpigia padri papo hapo, padri akathibitisha, akaongeza na salamu. Njia hiyo ilikuwa imefungwa, na kwa kweli alishangilia moyoni, maana alikuwa na haja ya Guelor kwa jambo jingine.

“Nionyeshe famille K,” alisema.

Guelor alifungua kompyuta yake. Profesa Mwenze ana makala zaidi ya mia mbili, alieleza, lakini akiondolewa moja tu anabaki daktari kama madaktari wengine. Makala hiyo moja inahusu wafanyabiashara na madereva kutoka Kivu ya Kaskazini wanaoishi Lubumbashi, na inadai kwamba udhaifu wa moyo wao unapita kutoka mwanamume hadi mwanamume. Imenukuliwa zaidi ya mara mia tatu. Kwa ajili yake profesa alipewa medali, akapewa gari, akapewa kliniki.

Benita alitaka kujua ni akina nani hao wanaomnukuu. Guelor alimwonyesha majina yakishuka kwenye kioo. Profesa anajinukuu mwenyewe katika kila makala anayoandika. Rafiki zake wawili wa Ulaya wanamnukuu, naye anawanukuu. Waliobaki wamechukua sentensi ile ile kutoka kwa wenzao, wakaipitisha kama watu wanavyopitisha sahani ya wali kwenye matanga, bila mtu kufunua kifuniko. Wagonjwa wakaandikiwa dawa kwa kutegemea sentensi hiyo. Mwongozo wa kliniki ukaandikwa juu yake pia: mwanamume wa ukoo wa K aanzishiwe dawa hata kama haumwi.

“Na jina yako iko hapa, kati ya benye kuandika,” Benita alisema, akigusa kioo.

“Niliiona wakati article ilishatoka. Nilimuomba Prof anionyeshe ata muntu moja wa K, nimupime mi mwenyewe. Njo ile siku alinifukuza.”

Kisha akamwonyesha mchoro wenyewe, mti wa ukoo uliopamba ukurasa wa tatu. Alieleza kwamba katika michoro ya aina hiyo mwanamume huchorwa mraba na mwanamke duara. Aliyejazwa wino ni mgonjwa, asiyejazwa ni mzima. Benita aliinama karibu na kioo, akautazama mti kutoka juu hadi chini, tawi kwa tawi. Ulikuwa na miraba peke yake.

“Duara iko wapi?”

“Haina. Prof anasema njo découverte, uvumbuzi yake yenyewe, ugonjwa inapitaka ku bantu bume tu.”

“Bagonjwa bako bume, nimesikia. Lakini badada babo benye hawaumwe, juu ya nini hakuwachora?”

Guelor aliupitia mti upya kwa kidole. Hata mwanamke asiyeumwa alipaswa kuwamo mle, akiwa duara tupu. Ukoo mzima, vizazi vitatu, madereva na wenye maduka, na wasichana hawakuzaliwa hata mmoja. Wasomi wengi walikuwa wameupita mti huo na kuutolea ushahidi. Benita alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Aliomba nakala ya ukurasa ule, akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja hadi mtaa wa Hewa Bora, kwenye depo ya maharage ya Nzanzu, kaka mkubwa wa marehemu. Matanga yalikuwa bado yanaendelea. Viti vya plastiki vilipangwa mbele ya magunia ya maharage, na wanaume waliketi wakizungumza kwa sauti ya chini. Nzanzu alimpisha kiti na kumwita dada, kwa kuwa wote wawili ni watu wa Butembo, huko Kivu ya Kaskazini, na jina la Benita lilitosha kumtambulisha.

Aliuliza kuhusu ukoo. Nzanzu alisema baba yao alikufa kwa uzee, babu pia, na mama yao angali analima. Hakuna aliyepata kuugua moyo. Je, Osée alisema lolote siku ile? Nzanzu aliinamisha kichwa. Osée alimpigia simu kutoka kliniki akiwa anacheka, baada ya kuonyeshwa vidonge.

“Aliniambia: Yaya, mukubwa wangu, hapa banasema niko na ndugu kule mugodi wa Kinsevere, dereva wa shaba, eti tuko naye ugonjwa moja,” Nzanzu alisema. “Nikamwambia siye hatuna ndugu kule Kinsevere. Akasema: na yeye anaitwa Kasereka.”

Hapo lile wazo la kijinga alilolifukuza asubuhi lilirudi, na Benita hakuweza tena kulifukuza. Mtu wa Lubumbashi anaweza asijue, basi na aelezwe: kwa Wanande, wenyeji wa Butembo, jina linasema mtu alizaliwa wa ngapi. Nzanzu ni mvulana wa kwanza. Kasereka ni mvulana wa tatu, na msichana wa tatu ni Kavugho, kama Benita mwenyewe. Kila nyumba yenye watoto wengi ina Kasereka wake, na nyumba hizo hazina undugu wowote zaidi ya kwamba wazazi hawakuishia mtoto wa pili. Kasereka hawezi kuwa msichana. Ndiyo maana mti wa profesa ulikuwa na miraba peke yake.

Ilimbidi akae kidogo kabla ya kusimama, kwa hasira. Bingwa wa dunia alikuwa ameokota madereva waliochoka na wenye maduka walionenepa, akawaunga kwa jina kama mtu anayeamini kwamba watu wote waitwao vifungua mimba wana mama mmoja. Na asingehitaji maabara ili kujua ukweli. Angeuliza tu mteja yeyote anayenunua maharage pale mtaani.

Lakini kujua si kuthibitisha. Paulin angesema kwamba ni maneno ya wafiwa, na asubuhi gari la Kasapa lingekuja. Kilichohitajika ni profesa mwenyewe aseme, na atie sahihi.

Profesa Mwenze alimpokea kwa adabu iliyozidi kipimo, akimwita Madame l'inspecteur bila kujisumbua kuuliza jina. Ukuta ulijaa makala zake ndani ya vioo, na katikati, peke yake, ilitundikwa ile ya ukoo wa K. Benita alitoa karatasi za mahojiano, akaandika tarehe na mahali, akamwomba amsaidie kuelewa kazi yake kwa kuwa yeye ni mtu wa sheria tu. Akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akataja medali. Profesa akanyoosha tai yake na kuanza kufunguka.

Alisema kwamba Afrika yote haina mtu wa moyo anayenukuliwa kama yeye. Alisema namba zake zinawatisha Wabelgiji. Alipofika kwenye ukoo wa K, Benita alimuuliza kwa upole jinsi alivyowapata watu hao katika mji mkubwa namna hii, tena waliotawanyika hadi migodini na ziwani.

“Ah, hiyo njo akili ya kazi yenyewe, Madame,” profesa alisema. “Bale bantu ba Kivu banabebaka jina ya famille, hawafichi. Kasereka wa Kinsevere, Kasereka wa Pweto, Kasereka wa Hewa Bora, bote ni muti moja. Bengine banapoteza makuta mu kupima damu. Mi, jina inanitosha.”

“Kwa hiyo infirmière wako Plamedie akikupigia simu, akikuambia jina tu, unaweza kujua dawa?”

“Mbele hata amalize kuongea.”

“Na akikuambia mugonjwa iko na asthme?”

Profesa alitabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mtoto. “Madame, muntu wa famille K, moyo njo inamuua. Ile asthme ni kintu kidogo. Nilimuambia ule binti: iko wa K, mupatie. Hiyo ni science.”

Benita aliandika maneno hayo jinsi yalivyotamkwa. Aliyasoma kwa sauti, taratibu, swali na jibu. Profesa alisikiliza, akasahihisha mahali aliposema “makuta”, yaani pesa, akataka iandikwe “bajeti”, kisha akatia sahihi kubwa yenye mikia miwili. Majivuno yake hayakumruhusu kuona kitu kingine. Benita alizikunja karatasi, akaziweka ndani ya mkoba wake, akafunga mkoba.

Ndipo akamwambia jina lake. Alimwambia kwamba yeye ni Kavugho kwa sababu alitanguliwa na wasichana wawili, na kwamba Kasereka ni mvulana wa tatu wa nyumba yoyote ile kule kwao. Alimwambia kwamba kaka wa marehemu anaitwa Nzanzu, baba mmoja na mama mmoja, na kwamba kwa mti wake yeye profesa watu hao wawili si ndugu. Aliuelekeza mkono wake kwenye kioo cha katikati na kumwomba amwonyeshe duara moja.

Profesa aliutazama mchoro wake mwenyewe. Hakuomba radhi wala hakumtaja marehemu.

“Ile article,” alisema, “banaicité zaidi ya mara mia tatu. Bale bantu bote hawawezi kukosa.”

“Hakuna hata moja kati yabo alikuya kuuliza mama ya Kasereka,” Benita alisema. “Na weye ulikuwa na Kasereka mwenyewe hapa hapa, mu kitanda yako.”

Paulin alisoma mahojiano akiwa amesimama. Alipofika kwenye sahihi yenye mikia aliketi. Alikohoa, akauliza kama profesa alisaini bila kulazimishwa, akajibiwa kwamba alisahihisha hata maneno. Mwishowe alivuta karatasi ya kumwachia huru Plamedie, akaiandika na kuigonga muhuri. Faili la profesa alilisogeza pembeni. Kwa hilo, alisema, lazima kwanza azungumze na wakubwa, maana jina lile si jina la kuchezea. Benita alimjibu kwamba Kasereka nalo lilikuwa jina, na halikuzungumziwa na mkubwa yeyote kabla halijazikwa. Hakimu alimsukumia karatasi ya Plamedie.

Plamedie alitoka kasho jua likiwa bado kali. Mama yake alikuwa amesubiri nje ya uzio na mtoto. Muuguzi aliketi palepale ukingoni mwa barabara, akamnyonyesha huku machozi yakimdondokea mtoto usoni, na watu waliopita waligeuza nyuso kwa heshima. Benita alisimama kando akiwatafutia teksi ya kuwapeleka nyumbani. Ilipofika, Plamedie hakuingia.

“Inspecteur, beko bengine,” alisema. “Kila Kasereka mwenye alikuya kutafuta cheti, nilimupatia. Banarudi na dawa nyumbani, ya mwezi muzima. Banakunywaka kila asubuhi.”

“Unabajua?”

“Sura za baadhi yabo. Majina bote ni moja tu.”

Walimwambia dereva awapeleke Hewa Bora, kwenye barabara ya wauza-jumla. Ilikuwa saa ya kupakia. Malori yalikuwa yamepanga mstari, wabebaji wakikimbia na magunia mabegani, redio zikipigana kelele. Plamedie alishuka akiwa amemfunga mtoto mgongoni. Alitazama huku na huku akaogopa. Hawa walikuwa watu wa marehemu, na kwao yeye bado alikuwa muuaji. Benita alimshika mkono, akapanda naye ukingo wa depo ya Nzanzu, akavuta pumzi na kuita kwa sauti yake yote:

“Kasereka!”

Waligeuka. Mmoja alichungulia kutoka kwenye usukani wa lori, mwingine alisimama katikati ya ngazi na katoni kichwani. Wawili waliokuwa wakibishana juu ya mizani walinyamaza kwa pamoja. Mwenye duka la mafuta ya mawese alitoka nje akifuta mikono. Kijana wa kubadilisha fedha, fundi aliyelala chini ya gari, baba aliyeshika mkono wa binti yake, wote walimtazama, kila mmoja akidhani ameitwa yeye.

Benita aliwauliza nani kati yao alipewa vidonge kwenye kliniki ya profesa. Aliwaambia wasimeze kingine kabla ya kuonwa na daktari Guelor, leo hii, na kwamba yeye mwenyewe atawafikisha kwake. Kelele zilianza, maswali, jina la Osée. Mikono iliingia mifukoni.

Mwenye duka la mafuta aliinua pakiti yake juu ili ionekane. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika kifua, na kutoka ng'ambo ya barabara ilisikika pumzi yake ikipiga filimbi. Plamedie alimfungua mtoto mgongoni, akamtia mikononi mwa Benita, na kumkimbilia mgonjwa.